"Wote", "baadhi" na "hakuna": kwa nini maswali ya mantiki yanakuangusha, na namna ya kujifua kabla ya usaili

"Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya uhasibu na nimeitwa kwenye usaili wa mchujo, mtihani wa kuandika, wiki tatu kuanzia sasa. Hesabu sina shida nazo, ila kipengele cha mantiki kinaniangusha. Nimepakua PDF nyingi, karibu zote za India, nimekariri kanuni za 'wote', 'baadhi' na 'hakuna', lakini kila nikijipima napata kati ya 9 na 11 kwenye maswali 20. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba PDF moja inasema hitimisho linafuata, nyingine inasema halifuati, na swali ni lile lile. Halafu kuna maswali ambayo jibu 'sahihi' ni jambo ambalo si kweli kabisa duniani. Niongeze idadi ya maswali, nitafute kanuni nyingine, au hiki kitu ni kipaji tu?"

Marahaba. Nianze na hizo alama zako, maana zinasema jambo ambalo huenda hukuliona. Kama maswali unayojipima nayo yana majibu mawili tu, "linafuata" au "halifuati", mtu asiyesoma swali kabisa, anayeweka vema popote, atapata wastani wa 10 kati ya 20. Hapo ina maana kanuni ulizokariri bado hazijakusaidia: zinakuokoa swali hili na kukuponza lile. Kama yana majibu matano ya kuchagua, kubahatisha kungekupa 4, na wewe tayari unaijua kazi karibu nusu. Hakikisha uko upande gani kabla hujajilaumu.

Kuhusu kipaji, hapana. Hili ni eneo dogo kuliko linavyoonekana. Hoja za aina hii, zenye kauli mbili na hitimisho moja, Aristotle alizipanga zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na ukihesabu kila mpangilio unaowezekana zinatoka 256 tu. Zinazosimama, yaani zile ambazo hitimisho lake linafuata, hazifiki hata 25. Huna haja ya kuzikariri, lakini ni vizuri ujue kwamba unapigana na kitu chenye mipaka.

Kinachokukwamisha, kwa jinsi unavyoeleza, ni namna unavyoikabili kazi yenyewe. Watahiniwa wengi husoma kauli, huchora picha moja kichwani, hutazama kama hitimisho linaonekana kwenye picha hiyo, wakiliona wanaweka vema. Hapo ndipo wanapokosea. Hitimisho linafuata pale tu ambapo haiwezekani kauli zote zikawa kweli na hitimisho lenyewe likawa uongo. Kwa hiyo usitafute picha inayolikubali. Tafuta inayolivunja. Ukiipata moja tu, umemaliza: halifuati. Ukijaribu kila njia halali na picha inakataa kuvunjika, linafuata.

Tuone kwa mfano, na nakusihi uchukue karatasi.

Wakulima wote ni wanachama wa ushirika. Baadhi ya wanachama wa ushirika ni mawakala. Je, baadhi ya wakulima ni mawakala?

Ukichora haraka, duara la wakulima linakaa ndani ya duara la wanachama, duara la mawakala linakatiza, na mkono wenyewe hupenda kulikatiza mpaka liguse wakulima. Jibu linaonekana "ndiyo". Sasa acha maduara, weka watu. Ushirika una wanachama 10, wape namba 1 hadi 10. Wakulima ni namba 1 hadi 4. Mawakala ni namba 9 na 10. Kauli ya kwanza imetimia, ya pili imetimia, na hakuna mkulima hata mmoja aliye wakala. Hitimisho limevunjika. Halifuati.

Geuza kidogo: Baadhi ya mawakala ni wakulima. Wakulima wote ni wanachama. Je, baadhi ya mawakala ni wanachama? Jaribu kuvunja. Kauli ya kwanza inakulazimisha uwe na wakala mmoja walau aliye mkulima. Mwite namba 3. Kauli ya pili inasema mkulima yeyote yumo ushirikani, kwa hiyo namba 3 yumo. Huna pa kumtoa. Linafuata.

Maneno ni yale yale, makundi ni yale yale, majibu mawili tofauti. Sababu iko kwenye kundi linalounganisha, lile linalotokea kwenye kauli zote mbili. Katika mfano wa kwanza kiunganishi ni wanachama, na hakuna kauli iliyowazungumzia wanachama wote: moja inagusa sehemu yao iliyo ya wakulima, nyingine inagusa sehemu yao iliyo ya mawakala. Sehemu hizo mbili zinaweza zisikutane kamwe. Katika mfano wa pili kiunganishi ni wakulima, na kauli moja imewataja wote bila kubakiza, kwa hiyo yeyote anayeingia humo lazima apite njia hiyo.

Sasa tuje kwenye "baadhi", maana ndiyo inayoua wengi. Mtaani ukisema "baadhi ya wafanyakazi wamelipwa", anayekusikia anaelewa kuna ambao hawajalipwa. Kwenye mtihani huo ni uzushi. "Baadhi" ni mmoja walau, na wanaweza kuwa wote. Basi kutoka "baadhi ya mawakala ni wakulima" huwezi kupata "baadhi ya mawakala si wakulima". Maswali mengi hulitega hilo waziwazi, kwa sababu mtunzi anajua utalijibu kwa sikio la mtaani.

Jambo la pili ni kugeuza kauli. "Hakuna dalali mwenye leseni" inageuka bila shida: hakuna mwenye leseni aliye dalali. "Baadhi ya madereva ni mafundi" inageuka pia: baadhi ya mafundi ni madereva. Lakini "wote" haigeuki. Wahasibu wote ni wahitimu. Haimaanishi wahitimu wote ni wahasibu, na hapo unacheka, ila ukiandikiwa kwa herufi K na M utaigeuza bila kujua. Na "baadhi ya A si B" haigeuki kabisa: baadhi ya wahitimu si wahasibu ni kweli, baadhi ya wahasibu si wahitimu ni habari nyingine.

Angalia pia neno "pekee". "Wenye kitambulisho pekee ndio wanaoingia" maana yake kila anayeingia ana kitambulisho. Haisemi kwamba kila mwenye kitambulisho ataingia. Anaweza kuzuiwa kwa kuchelewa. Ukikutana na "pekee", iandike upya pembeni kwa "wote" kabla ya kuchora, na uhakikishe mshale unaochora kutoka kundi moja kwenda jingine ("A wote ni B": kutoka A kwenda B) unaelekea upande sahihi. Vivyo hivyo kwa kauli kama "wanachama wote hawajalipa", ambayo kwa Kiswahili cha kila siku inaweza kubeba maana mbili: hakuna aliyelipa, au si wote waliolipa. Mtunzi makini hataiandika hivyo. Ukiitunga mwenyewe unapofanya mazoezi, chagua moja: "hakuna mwanachama aliyelipa" au "baadhi ya wanachama hawajalipa".

Umelalamika kwamba jibu sahihi wakati mwingine si kweli duniani. Hilo si kosa la kitabu. Swali haliulizi kama hitimisho ni kweli. Linauliza kama kauli zilizotolewa zinalilazimisha. Na usidhani ni wewe peke yako unayesumbuka. Mwaka 1983 watafiti wa Uingereza, Jonathan Evans na wenzake, waliwapa watu hoja zinazosimama na zisizosimama, nyingine zikiwa na hitimisho linaloaminika, nyingine lisiloaminika. Hoja mbovu zenye hitimisho linaloaminika zilikubaliwa kwa asilimia 71. Zile mbovu zenye hitimisho lisiloaminika zilikubaliwa kwa asilimia 10 tu. Ubovu ni ule ule, kilichobadilika ni kama jambo linaingia akilini. Hoja zinazosimama zenye hitimisho lisiloaminika nazo ziliponzwa: zilikubaliwa kwa asilimia 56, wakati zenye hitimisho linaloaminika zilifika 89.

Dawa yake ni rahisi na inachukua sekunde tatu: futa maana. Kabla hujafikiri, badilisha makundi kuwa herufi. "Samaki wote ni ndege, ndege wote ni mawe" iwe "S wote ni N, N wote ni M". Hapo hakuna cha kuamini wala kukataa, kuna mishale tu, na S wote ni M bila ubishi.

Sasa hilo la PDF mbili kupingana. Hapa nakutetea, si wewe unayekosea. Kuna mambo matatu ambayo waandaaji hutofautiana, na usipoyajua utaona kama mantiki inabadilika kila siku.

La kwanza na kubwa: je, kundi linaweza kuwa tupu? Fikiria tangazo la shule: "Wanafunzi wote watakaokamatwa na simu watasimamishwa." Tangazo hilo ni halali hata kama muhula mzima hakamatwi mtu. Je, kutoka hapo unaweza kusema "baadhi ya watakaosimamishwa ni waliokamatwa na simu"? Kama hakukamatwa yeyote, huwezi. Mantiki ya kale ya Aristotle iliyachukulia makundi kuwa yana watu ndani, kwa hiyo "wote" ilizaa "baadhi" moja kwa moja. Wanamantiki wa karne ya 19, akina George Boole na John Venn, ambaye michoro yake ya maduara ilitoka mwaka 1880, waliruhusu kundi tupu, na kwao "wote" haizai "baadhi" mpaka uambiwe kuna mtu. Ndiyo maana kati ya hoja 256, kwa hesabu ya zamani zinasimama 24, kwa hesabu ya kisasa zinasimama 15. Mitihani ya benki ya India inafuata desturi ya zamani: "A wote ni B" inakupa "baadhi ya B ni A". Kitabu cha chuo kikuu cha mantiki kitakukatalia. Wote wawili wako sahihi ndani ya masharti yao. Kwa mtihani wa ajira, kama maelekezo hayasemi chochote, chukulia kila kundi lililotajwa lina mtu mmoja walau. Ndiyo desturi iliyozoeleka zaidi kwenye maswali ya aina hiyo.

La pili ni jibu la "ama la kwanza ama la pili", ambalo utalikuta sana kwenye karatasi za India na huenda usilikute kabisa kwenye mtihani wako. Hitimisho la kwanza linasema "baadhi ya A ni B", la pili "hakuna A aliye B". Kauli hazijathibitisha lolote kati ya hayo, lakini haiwezekani yote mawili yakawa uongo, kwa hiyo jibu ni "ama". Jozi ya pili ya namna hiyo ni "A wote ni B" pamoja na "baadhi ya A si B". Mtego uko kwenye "A wote ni B" na "hakuna A aliye B": hizo si jozi, kwa sababu huenda nusu ni hivi na nusu ni vile, na zote zikaanguka. Na ili "ama" ikubalike, kila hitimisho peke yake lazima liwe halifuati. Kama moja tayari linafuata, jibu ni hilo, hakuna "ama".

La tatu ni "ni wachache tu". Kwenye karatasi hizo hizo za India, "ni A wachache tu walio B" hubeba mambo mawili kwa pamoja: baadhi ya A ni B, na baadhi ya A si B. Ni tofauti kabisa na "baadhi" ya kawaida. Ukilichukulia kama "baadhi" utakosa kila swali linalouliza kama kuna uwezekano A wote wakawa B, maana hapo uwezekano haupo.

Na kwa kuwa nimetaja uwezekano: maswali yanayoanza na "kuna uwezekano kwamba" yanageuza kazi yako juu chini. Kwa hitimisho la uhakika unatafuta picha moja inayolivunja. Kwa hitimisho la uwezekano unatafuta picha moja inayolikubali bila kuvunja kauli. Turudi kwa mawakala: kutoka "baadhi ya mawakala ni wakulima, wakulima wote ni wanachama", je, mawakala wote ni wanachama? Halifuati, maana naweza kumweka wakala wa pili nje ya ushirika. Je, kuna uwezekano mawakala wote wawe wanachama? Ndiyo, nawaweka wote ndani na hakuna kauli inayolalamika. Piga mstari chini ya neno "uwezekano" kila unapolikuta, kabla ya kusoma kilichobaki.

Je, kanuni zina kazi? Zina kazi, lakini kama kipimo cha pili baada ya mchoro. Zinazotosha ni nne. Kiunganishi lazima kiwe kimetajwa chote angalau mara moja. Kundi lililotajwa lote kwenye hitimisho lazima liwe lilitajwa lote kwenye kauli yake. Kauli mbili za kukanusha hazizai kitu. Kauli moja ikikanusha, hitimisho lazima likanushe, na hitimisho haliwezi kukanusha kama hakuna kauli iliyokanusha. Ili uzitumie lazima ujue nani ametajwa wote: kwenye "wote" ni kundi la mbele tu, kwenye "hakuna" ni yote mawili, kwenye "baadhi ni" hakuna hata moja, kwenye "baadhi si" ni kundi la nyuma.

Tupime. Hakuna dalali mwenye leseni. Baadhi ya wenye leseni ni madereva. Hitimisho A: baadhi ya madereva si madalali. Hitimisho B: baadhi ya madalali si madereva. Yanafanana kama mapacha. A linafuata: wale madereva wenye leseni hawawezi kuwa madalali. B linawataja madereva wote kwa nyuma, ilhali kauli haikuwataja wote, basi linaanguka. Ukitaka picha: madalali wote wawe madereva wasio na leseni. Inawezekana kabisa, na B limevunjika.

Kosa moja la kanuni ambalo nadhani linakugharimu: watu wanakariri "baadhi mbili hazizai kitu" halafu wanakataa kila hitimisho. Kanuni hiyo inahusu kuunganisha makundi mawili ya pembeni kupitia kiunganishi. Kama hitimisho ni kauli moja tu iliyogeuzwa, linafuata hata kama zote mbili ni "baadhi". "Baadhi ya madereva ni mafundi, baadhi ya mafundi ni wavuvi": "baadhi ya wavuvi ni madereva" halifuati, lakini "baadhi ya mafundi ni madereva" linafuata wazi. Kabla ya kuanza kuunganisha chochote, uliza hitimisho linagusa kauli ngapi.

Kwenye usaili huenda usikute maduara peke yake. Utakuta "kama... basi", na hapo mitego ni miwili tu. Kutoka "kama mvua ikinyesha, barabara inafungwa" unaruhusiwa kusema mawili: "imenyesha, basi imefungwa" na "haijafungwa, basi haijanyesha". Huruhusiwi kusema "imefungwa, basi imenyesha" wala "haijanyesha, basi haijafungwa", maana huenda imefungwa kwa matengenezo. Jaribio la Peter Wason la mwaka 1966 ni kipimo kizuri. Kadi nne zinaonyesha E, K, 4 na 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni inasema: kama kuna irabu upande mmoja, upande wa pili kuna namba shufwa. Ugeuze kadi zipi kuhakikisha kanuni haijavunjwa? Wengi husema E na 4. Jibu ni E na 7. Kadi ya 4 haiwezi kuvunja kanuni hata nyuma yake pawe na herufi gani. Ya 7 inaweza, kama nyuma yake pana irabu. Utaona ni kazi ile ile: nenda kwenye kadi inayoweza kuvunja.

Maswali ya mpangilio nayo. Asha, Baraka, Chausiku, Daudi na Eliya wamekaa kwenye benchi, nafasi ya 1 hadi 5 kutoka kushoto. Chausiku yuko katikati. Baraka yuko kushoto kwa Daudi, wamegusana. Asha hakai mwishoni. Nani lazima yuko mwishoni? Anza na aliyefungwa kabisa: Chausiku, 3. Kisha jozi iliyoshikamana: Baraka na Daudi wanaweza kuwa 1 na 2, au 4 na 5, hakuna kwingine. Andika mistari miwili, usichague mmoja. Mstari wa kwanza: Baraka, Daudi, Chausiku, Asha, Eliya. Wa pili: Eliya, Asha, Chausiku, Baraka, Daudi. Eliya yuko mwishoni kote kuwili, ingawa hakuna kidokezo hata kimoja kilichomtaja. Asha yuko jirani na Chausiku kote. Daudi yuko jirani na Chausiku kwenye mstari mmoja tu, kwa hiyo ni uwezekano, si lazima. Mtahiniwa anayekosa hapa ni yule aliyepata mstari wa kwanza, akafurahi, akajibu.

Sasa ratiba yako. Usiongeze idadi ya maswali, punguza. Wiki ya kwanza fanya maswali 12 kwa siku bila saa, na kwa kila hitimisho unalolikataa andika mfano unaolivunja, kwa namba za watu kama nilivyofanya. Usipoweza kuuandika, hujalikataa, umebahatisha. Kwa kila unalokubali, andika neno moja la sababu: limegeuzwa, au limeunganishwa kupitia kundi gani. Ni kazi ya dakika 40 hivi, na siku mbili za mwanzo utachoka.

Weka daftari la makosa, lakini usiandike "nimekosa swali la 7". Andika aina: nimegeuza "wote", nimechukua "baadhi" kama "si wote", nimechora picha moja tu, nimejibu kwa ninachokijua duniani, sikuona neno "uwezekano", desturi ya PDF. Baada ya siku nne utakuta aina mbili zimebeba makosa mengi. Hizo ndizo za kushughulikia. Rudia maswali uliyokosa baada ya siku mbili na tena baada ya wiki, ukiwa umefunika majibu.

Na uchague chanzo kimoja cha PDF kwa wiki mbili za kwanza. Kuruka kutoka chanzo hadi chanzo ndiko kunakoleta ule mgongano uliousema. Kabla ya kuanza, fungua majibu ya nyuma uangalie kitu kimoja: wanakubali "wote" kuzaa "baadhi"? Liandike juu ya ukurasa wa kwanza.

Wiki ya pili anza kutumia saa, dakika moja na nusu kwa swali, ukishuka taratibu. Usishtuke ukiona karatasi za India zinadai kasi kubwa: mchujo wa awali wa maofisa wa benki kule, ule wa IBPS (taasisi inayosimamia mitihani ya ajira za benki India), hutoa dakika 20 kwa maswali 35 ya mantiki, wastani wa sekunde 34 kwa swali. Kasi hiyo ni ya mtihani wao. Wewe gawanya dakika na maswali yaliyoandikwa kwenye maelekezo ya usaili wako, na kama hayajaandikwa, dakika moja kwa swali ni shabaha ya kutosha. Kasi itakuja kwa mkono kuzoea kuandika herufi na mishale. Wiki ya tatu fanya karatasi nzima mara tatu au nne, asubuhi, kwenye meza, simu ikiwa chumba kingine. Siku ya mwisho soma daftari la makosa peke yake.

Kuhusu kubahatisha, soma maelekezo kama kosa linakatwa alama. Kama halikatwi, usiache tupu hata moja. Kama linakatwa robo alama na kuna majibu matano, kubahatisha kipofu hakukupi wala hakukunyang'anyi, wastani ni sifuri. Ukishaondoa mawili kwa uhakika, kujaza kuna faida: wastani wa moja ya sita ya alama kwa swali. Na kwenye karatasi zenye "kweli", "si kweli" na "haiwezi kujulikana", usitumie "si kweli" kumaanisha "sijaona ushahidi". "Si kweli" ni pale kauli zinapolipinga hitimisho. Zikinyamaza, ni "haiwezi kujulikana". Wahasibu hukosea hapa zaidi ya mnavyodhani, kwa sababu kazini kisicho na risiti huhesabiwa hakikufanyika.

Tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana kama baada ya siku kumi daftari linaonyesha aina ile ile ya kosa haipungui. Mwalimu wa hisabati wa sekondari anatosha, au mtu aliyesoma falsafa, seminari zimejaa watu waliopitia mantiki. Usiende kuomba somo. Nenda na maswali matano uliyokosa, mweleze kwa sauti ulivyofikiri hatua kwa hatua, yeye akusimamishe pale unaporuka. Nusu saa ya namna hiyo inaonyesha kosa ambalo wewe mwenyewe hulioni. Kama mtihani utakuwa kwa Kiingereza na unaona unakwama kwenye kusoma sentensi kabla hata ya kufikia mantiki, basi tatizo ni la lugha, na dakika 20 kwa siku za kuandika upya kauli kwa herufi zitakufaa kuliko maswali mapya. Kama herufi zinakuruka au macho yanachoka baada ya mistari michache, pima macho wiki hii, na kama una hali inayohitaji muda wa ziada au maandishi makubwa, wasiliana na waliokuita mapema, kwa maandishi, kabla ya siku yenyewe.

Anayekuuzia "maswali yaliyovuja" kwa mia mbili elfu, mwache. Hata yakiwa ya kweli unahatarisha usaili wote, na kwa kawaida ni zile zile PDF ulizonazo zikiwa zimebadilishwa jalada.